Je, Mpangaji Alipe Zaidi kwa Sababu ya Mbwa Wake?



Wengi wenu mmekaribia siku ya kutafuta nyumba yenu ya kwanza: mwanafunzi anayekwenda kusoma katika mji mwingine, kijana aliyepata kazi, wachumba wanaojitayarisha kwa ndoa. Siku hiyo mtajifunza hesabu ambayo haifundishwi shuleni. Kuna garanti, kuna malipo ya mwezi wa kwanza, kuna haki ya komisioneri aliyewaonyesha mlango. Na ikiwa mna mbwa, paka, kuku wawili watatu au kizimba cha sungura, mwenye nyumba aweza kukataa kabisa, au aweza kutamka neno hili: "Kwa wanyama mtaongeza kitu." Nataka tufikiri pamoja juu ya kitu hicho kinachoongezwa. Je, ni haki?

Mtu atauliza: katika nchi yenye taabu nyingi kama yetu, kwa nini tutumie wakati juu ya mbwa na paka? Swali hilo lastahili jibu. Katika miji yetu mnyama wa nyumbani si pambo tu. Mbwa hulinda kiwanja usiku. Paka hufukuza panya wanaotoboa magunia ya unga. Katika Kivu ya Kusini jamaa nyingi hufuga simbilisi, wale tunaowaita dende, hata ndani ya jikoni. Watoto ndio wanaowatafutia majani, na mara nyingi watoto hao ndio wenye mali. Nyama yao ni chakula, mbolea yao huenda shambani, na mmoja akiuzwa hupatikana daftari na kalamu. Kwa hiyo, anayetoza pesa juu ya mnyama wa mpangaji hatozi anasa ya tajiri. Aghalabu anatoza ulinzi, chakula, au furaha ndogo ya mtu asiye na mengi.

Kwanza tutenganishe maneno, maana ugomvi mwingi huzaliwa na maneno yaliyochanganywa. Kuna mambo matatu hapa. La kwanza ni dhamana, ambayo sote twaiita garanti: ni pesa ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba. Siku ya kuondoka yapaswa kurudishwa, ikiondolewa tu deni au gharama ya kilichoharibika. La pili ni nyongeza ya kila mwezi: hiyo ikishatolewa hairudi, hata kama mnyama hakuvunja kitu. La tatu ni fidia, yaani malipo ya hasara iliyotokea kweli, ikaonekana, ikapimwa. Anayesema "ongezeni kitu kwa ajili ya mbwa" hana budi kueleza ni lipi kati ya hayo matatu analolitaka. Asipoeleza, mpangaji atadhani ameweka garanti, naye mwenye nyumba atadhani amepokea zawadi. Siku ya kuhama wataitana waongo, ingawa kila mmoja anasema alivyoelewa.

Tumsikilize sasa mwenye nyumba, kwa maana si kila mwenye nyumba ni tajiri. Yuko mjane aliyeachiwa vyumba viwili vya kupangisha, na masomo ya watoto wake yatoka humo. Mbwa aliyefungiwa ndani hukwaruza mlango. Mkojo wa paka huingia katika saruji, na harufu yake haitoki kwa maji matupu. Kuku huchimbua maua na kuchafua baraza. Viroboto hubaki chumbani hata mpangaji akiisha kuhama. Tena liko jambo zito kuliko hayo yote: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliambukizwa na mbwa, na kwamba dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo hofu ya mwenye nyumba ina sababu. Lakini hofu yenye sababu bado haimpi mtu haki ya kutoza.

Mawazo yangu ni haya: mnyama adaiwe kwa alichokiharibu, asidaiwe kwa kuwapo.

Neno hilo halitokani na huruma tu. Sheria yetu ya kiraia juu ya mapatano na madeni, iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888, yasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama, au yule anayemtumia, ndiye anayewajibika kwa hasara iliyoletwa na mnyama huyo, akiwa chini ya ulinzi wake, au akiwa amepotea, au ametoroka. Kifungu hicho tulikipata kutoka kwa Wabelgiji, nao walikipata katika sheria za Napoleon za mwaka 1804. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba hakuachwa bila kinga. Hata asipopokea faranga moja ya nyongeza, haki ya kudai mlango uliokwaruzwa anayo tayari. Nyongeza ya kila mwezi haimpi haki mpya. Yampa tu pesa kabla ya kosa.

Na hekima hiyo ni ya zamani kuliko Napoleon. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chatoa hukumu juu ya ng'ombe apigaye pembe. Ng'ombe wa mtu akimwua ng'ombe wa jirani bila kutazamiwa, hasara hugawanywa kati ya hao wawili. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alijulikana tangu zamani kwa kupiga pembe, na mwenyewe hakumzuia, basi mwenyewe hulipa yote. Angalieni vizuri. Kila ng'ombe ana pembe, lakini hakuna mtu aliyelipishwa kwa sababu ng'ombe wake ana pembe. Mtu hulipa kwa ajili ya pigo, na aliyeonywa asisikie hulipa zaidi. Methali yetu yasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki wa kapu moja hiyo ni kweli, lakini mbwa wa mtaa mzima hawamo katika kapu moja. Kumlipisha mwenye mbwa mpole kwa sababu mbwa wa mpangaji wa zamani alitafuna mlango ni kumhukumu mtu kwa kosa la mwingine.

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Tuseme nyumba ni dola 50 kwa mwezi, na mwenye nyumba ataka dola 5 zaidi kwa ajili ya mbwa. Kwa mwaka ni dola 60. Kwa miaka minne ni dola 240. Tuseme tena kwamba siku ya kuhama mlango mmoja umekwaruzwa, na seremala ataka dola 20 kuutengeneza. Dola 220 zilizobaki zimelipia nini? Hazikulipia hasara, kwa sababu hasara ni dola 20. Hazikuwa amana, kwa sababu hazitarudi. Na ikiwa mwenye nyumba, baada ya kupokea hizo zote, anakata tena dola 20 katika garanti, basi mpangaji amelipa mlango huo mara nyingi kupita bei yake. Mwanafunzi wa darasa la sita angeiona kasoro ya hesabu hiyo.

Nyongeza hiyo huharibu pia tabia ya anayeilipa. Mtu aliyeambiwa "utalipa kitu kikiharibika" huchunga: humfunga mbwa, husugua sakafu, hutengeneza wavu wa dirisha kabla ya kuhama. Mtu aliyeambiwa "lipa kila mwezi, kitu kiharibike kisiharibike" hujisemea moyoni kwamba kukwaruza kumeshalipiwa. Hivyo mwenye nyumba, akidhani amejikinga, amenunua uzembe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo husahauliwa. Katika miji yetu wapangaji hukaa wengi katika parseli moja: milango mitano, choo kimoja, robine moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Mbwa akibweka usiku kucha, ni nani asiyelala? Ni jirani wa mlango wa pili, ambaye ana mtoto mchanga. Kuku wakichafua ua, ni nani anayefagia? Ni mama wa mlango wa tatu. Lakini dola 5 za kila mwezi humwendea mwenye nyumba, ambaye pengine anakaa mtaa mwingine na analala vizuri. Anayepata taabu hapati kitu, na anayepata kitu hana taabu. Wala pesa haimnyamazishi mbwa. Kinachowasaidia majirani ni mapatano: mbwa afungwe saa fulani, afunguliwe saa fulani, mwenyewe asafishe ua kila asubuhi kabla wengine hawajatoka.

Na tuseme ukweli juu ya mbwa huyo. Mara ngapi mbwa wa mpangaji mmoja ndiye anayelinda milango yote mitano? Wevi wakija usiku, habweki kwa ajili ya mwenyewe tu. Hulinda nguo za jirani, baiskeli ya jirani, hata mabati ya mwenye nyumba. Chakula chake hulipwa na mpangaji, chanjo yake hulipwa na mpangaji, na ulinzi wake ni wa wote. Kumtoza mpangaji huyo nyongeza ni kama kumlipisha mlinzi kwa kazi anayoifanya. Wakipima vizuri, pengine wangeona kwamba wengine ndio wanaopaswa kumshukuru.

Turudi kwenye garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 yaweka mpaka: kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi malipo ya miezi mitatu. Sote twajua kwamba mpaka huo huvukwa mara nyingi, na kwamba mhitaji wa nyumba hana nguvu ya kubishana. Lakini mpaka ungaliko. Basi mwenye nyumba aliyekwisha kupokea miezi mitatu, akiomba mwezi wa nne kwa jina la mbwa, amevuka mpaka. Kubadili jina la pesa hakubadili hesabu yake. Mkiweza kusema hayo kwa upole na heshima, semeni: "Baba, tumekwisha kuweka miezi mitatu. Mbwa akiharibu kitu, ukate humo; kisipotosha, tutaongeza." Jibu hilo halimnyimi mtu haki yake.

Hapa wenye akili watanipinga hivi: mkimzuia mwenye nyumba kuomba kitu cha ziada, atakataa wanyama kabisa, na mpangaji atakosa nyumba. Pingamizi hilo lina nguvu, nasi hatuna haja ya kukisia, kwa sababu nchi nyingine zimepita njia hiyo. Katika Ufaransa, sheria ya tarehe 9 Julai 1970 iliamua kwamba sharti la kumkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani halina nguvu, mradi mnyama huyo asiharibu nyumba wala kusumbua wakaaji. Mbwa wa aina za hatari waweza kukatazwa. Tangu mwaka 2008 garanti ya nyumba isiyo na vyombo haizidi mwezi mmoja, mbwa awepo asiwepo. Huko, basi, mlango haukufungwa kwa wanyama, na nyongeza haikuruhusiwa kuingia kwa jina la garanti.

Uingereza ilipita njia nyingine. Sheria ya mwaka 2019 iliweka garanti ya nyumba nyingi isizidi malipo ya majuma matano, na garanti za ziada kwa ajili ya wanyama zikafutwa. Nini kilitokea? Baadhi ya wenye nyumba wakahamisha pesa hiyo kwenye malipo ya kila mwezi, na wengine wakakataa wanyama. Ikahitajika sheria nyingine, ya mwaka 2025, kumpa mpangaji haki ya kuomba ruhusa ya kufuga, na kumzuia mwenye nyumba asikatae bila sababu ya kweli. Maji yakizibiwa tundu moja hutafuta tundu jingine. Basi siwaambii kwamba kifungu cha sheria kitatosha. Sheria yaweza kumlazimisha mwenye nyumba afungue mlango. Kumtuliza moyo ni kazi ya mpangaji mwenyewe, kwa namna anavyoishi.

Kwa hiyo niwaambie pia wajibu wetu tunaofuga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, yafundisha mambo mawili kwa pamoja: si halali kuwatesa wanyama bila sababu, wala haifai kutumia kwa ajili yao pesa ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Tusikie pande zote mbili. Kijana asiyeweza kumlisha mbwa, akamwacha azurure na kula takataka za mtaa, asijiite mpenda wanyama. Na kijana anayedaiwa nyumba miezi miwili, huku ananunua mbwa wa pili, asilalamike kwamba mwenye nyumba ni mkali. Kufuga ni kuchukua mzigo, na mzigo huo usitupwe juu ya mabega ya majirani. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa, na karatasi ya chanjo itunzwe pamoja na mkataba wa nyumba. Akimwuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja, na mwenye mbwa asijifiche. Na mbwa aliyeuma mara ya kwanza, kisha akauma mara ya pili, huyo ndiye ng'ombe aliyejulikana kwa kupiga pembe: hapo mwenye nyumba ana haki ya kusema aondoke, nasi tusimwite mkatili.

Ifanyikeje basi siku ya kuingia nyumbani? Msifiche mnyama. Anayemwingiza paka usiku ndani ya kikapu amekwisha kumpa mwenye nyumba sababu ya kutomwamini. Semeni mapema: tuna mbwa mmoja, ana umri huu, amechanjwa. Kisha mwenye nyumba na mpangaji watembee pamoja chumba kwa chumba, wakiandika hali ya kila kitu: mlango huu mzima, kioo hiki kina ufa, sakafu hii ina doa. Mali bila daftari huisha bila habari, na garanti ni mali. Katika karatasi hiyo hiyo waandike kwamba mnyama amekubaliwa, kwamba hasara yake italipwa kwa bei ya fundi, na kwamba hakuna malipo ya mwezi kwa ajili yake. Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja ashike nakala. Siku ya kuhama watembee tena kwa karatasi ile ile mkononi. Wakishindwa kuelewana, ofisi ya Habita kwenye komini hupokea magomvi ya nyumba kabla hayajafika mahakamani. Karatasi moja yenye mistari kumi yaweza kuokoa garanti ya miezi mitatu.

Wengine wenu siku moja mtakuwa wenye nyumba. Mtajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yenu, na kijana atabisha akiwa na mke, kitanda na mbwa. Mtakuwa na uwezo wa kumwambia "ongeza kitu," naye ataongeza, kwa sababu mvua inakuja na hana mahali pa kulala. Lakini si kila kitu ambacho mhitaji anakubali kukitoa ni halali kupokelewa. Muulizeni juu ya mbwa wake, angalieni karatasi ya chanjo, andikeni hali ya milango, pokeeni garanti ndani ya mpaka wa sheria. Kisha mngojee. Mbwa akiharibu, daini bila haya. Asipoharibu, rudisheni pesa ya watu yote, nanyi mtapata wapangaji wanaowatunzia nyumba kana kwamba ni yao.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, pesa inayoombwa kwa ajili ya mnyama ni garanti, ni nyongeza au ni fidia? Je, mpangaji huelezwa kabla ya kulipa?

2. Katika parseli tunamokaa, ni nani hasa anayepata taabu kwa ajili ya wanyama, na ni mapatano gani yangemsaidia?

3. Kikundi chetu chaweza kuandaa karatasi moja rahisi ya hali ya nyumba, ambayo kila kijana anayepanga angeitumia. Ni mambo gani yasikosekane ndani yake?